Soli ya Mbwa Haina Fundi

Juzi nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa za mifugo hapa Voi, saa saba mchana, nikimngoja mwenye duka arudi kutoka kula. Akapita kijana mmoja na mbwa mkubwa wa kizungu. Manyoya ya mbwa yanang'aa, mnyororo unang'aa, na kijana mwenyewe miwani inang'aa. Mbwa alikuwa anainua mguu huu na kuushusha, anainua ule, anarudia wa kwanza. Watu wa bodaboda wakacheka, wakasema mbwa anacheza. Mwenyewe akatoa simu amchukue video.

Nikamwita. "Kijana, vua hizo sapatu, usimame hapo aliposimama mbwa wako."

"Kwani kuna nini, mathe?"

"Vua tu. Mimi na umri huu nitakimbia wapi na sapatu zako?"

Akavua, akakanyaga lami, akarudi ndani ya sapatu zake kabla sijamaliza kukunja mikono. "Hii kitu inachoma," akasema, kama mtu aliyepewa habari mpya. Nikamwambia mbwa wake alikuwa anampa habari hiyo tangu walipotoka stage, ila yeye alikuwa ameziba masikio kwa muziki. Akambeba kwa taabu mpaka kivulini, na pale nikaziona nyayo za yule mnyama. Zilikuwa zimeiva, na moja imeanza kuvimba pembeni.

Mimi naishi mtaa wa Sikujua. Naona jina hilo limeenea mji mzima, kwa maana kila ninayemkuta na mbwa aliyeungua hunijibu kwa jina la mtaa wangu.

Basi nawaandikia nyinyi vijana mnaofuga. Siku hizi mna mbwa wazuri kuliko tuliokuwa nao sisi, na mnawapa majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya. Sina ugomvi na majina. Ugomvi wangu uko chini, pale mguu unapokutana na nchi.

Miaka yangu ya kazi niliimaliza nikiwa nyuma ya mbwa. Kulikuwa na ranchi kule nyanda za chini, kati ya Voi na Taveta, na ranchi ilikuwa na mbwa wa kunusa. Ng'ombe wakiibwa, tunaitwa. Mtu akitega mitego ya waya, tunaitwa. Mtu akipotea porini, tunaitwa mwisho kabisa, baada ya mganga na baada ya maombi. Watu wakisikia nilifanya kazi na mbwa wa kunusa huniuliza habari za pua tu. Hakuna anayeuliza habari za miguu. Lakini pua haitembei, jamani. Pua hubebwa.

Aliyenifunza ni Mzee Kilonzo, Mkamba mmoja mfupi, mwenye maneno machache na tumbaku nyingi. Alikuwa na sheria moja ambayo wageni waliiona kama uchawi. Kabla mbwa hajavuka barabara wakati wa jua, mtu avue kiatu, akanyage kwanza yeye. Nikamuuliza siku ya kwanza kwa nini nisiguse tu kwa mkono, nikabaki zangu ndani ya buti.

"Mkono ya mama ni muongo," akanijibu. "Mkono ya mama imezoea sufuria. Vua kiatu."

Ilikuwa kweli. Mimi natoa sufuria motoni bila kitambaa, nageuza chapati kwa vidole. Mkono wangu ungeniambia lami ni vuguvugu tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na joto la lami hulijua unyayo. Nyinyi lakini mikono yenu ni ya simu, laini kama ya mtoto, kwa hivyo mnaweza kutumia mkono. Tumieni upande wa nyuma, si kiganja.

Na muda wa kupima ni huu. Ukishakanyaga, taja jina lako, la baba yako, na la babu yako, polepole, kama unayeandikisha kitambulisho. Ukishindwa kufika kwa babu, mbwa hapiti. Tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye hakumjua babu yake. Mzee Kilonzo alimwambia ataje la mjomba, lakini asitupotezee muda.

Jambo la pili alilolishikilia ni neno. Mbwa wetu tuliwasemesha Kiswahili: twende, tafuta, kaa. Mzee hakutaka kabisa neno la tatu litamkwe juu ya lami wala juu ya mwamba. "Usiambie mbwa kaa juu ya kaa," alikuwa akisema, naye alikuwa haonyeshi kama anatania. Mbwa aliyefunzwa vizuri ni mtumwa wa neno. Ukimwambia kaa, atakaa, matako yaive, nyayo ziive, mpaka wewe umalize kusalimiana na shemeji yako habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe. Mbwa asiyefunzwa angeshakimbilia kivulini zamani. Kwa hivyo ukijivuna kwamba wako ana adabu, ujue kwamba huyo ndiye wa kuchungwa zaidi.

Sasa viatu. Mnavinunua kwa simu siku hizi, vyekundu, vya kubandika. Sisi tulikwenda sokoni kwa Mwakio, fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa tairi.

"Anavaa namba ngapi?" Mwakio akaniuliza.

"Hana namba. Ni mbwa."

Mwakio akamtazama Bosco, mbwa wangu wa kwanza, akamtazama tena, akasema hajawahi kumfanyia kazi mteja mwenye miguu minne, na kwamba hapo kuna pea mbili, bei ya pea mbili. Akavishona kwa mpira wa tyubu, vizuri kabisa, na vijilastiki vya kufungia juu. Bosco akavaa. Alitembea akiinua miguu juu juu kama mtu anayevuka matope na suruali ya harusi. Kimoja kikabaki kwenye tope, kimoja alikila. Viwili vilivyobaki nilipovivua, ndani kulikuwa kumelowa. Nikadhani vimeingia maji.

Hayakuwa maji. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, na lile kidogo alilo nalo hutokea nyayoni. Ukimfungia miguu ndani ya mpira wakati wa jua, umempika kwa mvuke. Na ile lastiki ilikuwa imebana mpaka mguu mmoja umefura kama andazi. Tukarudi kwa Mwakio, tukabadilisha: juu turubai kuukuu linalopitisha hewa, chini kipande chembamba cha akala, na kufunga kwa utepe wa kitambaa badala ya lastiki. Kidole chako cha mwisho lazima kiingie kati ya utepe na mguu. Halafu kiatu hakivaliwi siku ya safari. Huvaliwa nyumbani kwanza, wakati wa kula, ili mbwa aone kiatu na nyama ni ndugu.

Hata hivyo Mzee Kilonzo hakuvipenda viatu mpaka alipostaafu. "Hiyo ngozi ya chini ndiyo soli yake," alisema. "Soli ya mtu ikiisha anaenda kwa fundi. Ya mbwa haina fundi." Alichopenda yeye ni kuikomaza. Mbwa mpya alimtembeza asubuhi kwenye mchanga, baadaye kwenye changarawe kidogo, akiongeza polepole. Aliwahi kuletewa watoto wa mbwa kutoka Wundanyi, wamezaliwa kwenye baridi na majani mabichi, miguu yao laini kama midomo. Mwenye ranchi alitaka waanze kazi mara moja. Mzee akasema watu wa milimani wakishuka Voi hununua kwanza kofia, kwa hivyo hawa nao wapewe muda wao. Wakapewa.

Lakini msinielewe kwamba kila alichokijua mzee kilikuwa sawa. Alikuwa anawapaka mbwa mafuta ya nyonyo kwenye nyayo asubuhi kabla ya kutoka. Sisi sote tulipaka. Baadaye daktari wa mifugo aliyekuwa akitutembelea akatuonyesha kwamba mafuta ya asubuhi hulainisha ngozi wakati tunaihitaji iwe ngumu, na pia hushika mchanga na vijiwe. Akasema tupake jioni, kidogo, mbwa akishamaliza kazi, kama ngozi imepasuka tu. Mzee alinuna siku nyingi. Kisha tukamwona jioni moja amekaa na kopo lake la nyonyo, anapaka, hasemi na mtu. Hata maji ni hivyo hivyo. Usimloweshe mbwa miguu ukadhani umempoza kisha umtoe kwenye lami. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Hatari nyingine nitazitaja jinsi zinavyonijia. Mbigiri mnaijua, ile miiba yenye pembe inayotoboa hata tairi la baiskeli. Mbwa akianza kuruka mguu mmoja, usivute kamba. Simama, uinue mguu, tenganisha vidole, tazama katikati, kwa sababu mwiba hupenda kujificha penye manyoya. Punguza yale manyoya kwa mkasi wenye ncha butu. Hapo hapo katikati ya vidole ndipo kupe hukaa kama mpangaji asiyelipa. Na funza pia. Watu hudhani funza ni wa watu tu.

Kokoto za reli ni mbaya mara mbili, maana zina makali na zinashika moto. Vifuniko vya soda pale nyuma ya baa. Bodi ya pikapu, ambayo ni sufuria iliyogeuzwa, ila watu hupandisha mbwa humo mchana na kufunga mlango. Sisi tulitandika gunia nene la katani, siku zote, na gunia hilo lilikuwa la mbwa.

Na jivu. Hili naomba mlisikie, nyinyi wa nyama choma za kando ya barabara. Mnafunga biashara, mnamwaga jivu nyuma ya kibanda, juu jeupe, limetulia kama unga. Chini yake makaa yako macho. Alfajiri mbwa anahisi vuguvugu, anakwenda kujilaza. Mwageni maji kabla hamjaondoka.

Mbwa akishaungua, fanya hivi. Maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, umwagie nyayo kwa muda mrefu, mpaka uchoke, na ukichoka uendelee. Usipake dawa ya meno. Usipake mafuta ya taa. Sijui nani alianzisha hilo. Usitumbue lengelenge. Funga kitambaa safi, kisibane, na umzuie kulamba. Ngozi ikichunika, mpeleke kwa daktari, usijifanye daktari. Hivyo ndivyo nilivyomuuguza Karani, na Karani alipona, ingawa alikaa nyumbani muda mrefu, akanenepa, akawa na tabia ya kukoroma.

Karani nimemtaja kabla ya kumjulisha. Alikuwa jike la rangi ya udongo wetu huu mwekundu, si mkubwa, sikio moja limesimama na lingine limelala. Tulimwita Karani kwa sababu akinusa chini alikwenda mstari kwa mstari kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alikuwa mbwa wa mwisho niliyefanya naye kazi. Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka.

Kazi yetu na Karani ilikuwa na alama moja. Akifika harufu inapoishia, huketi chini na kunitazama. Hiyo ndiyo ripoti. Mtu aliingia kwenye gari hapa, au alivuka mto hapa, au yuko hapa. Watu wa nyanda zile waliijua alama hiyo vizuri. Hata watoto walikuwa wakisema, mbwa wa ranchi akikaa, kesi imeisha.

Siku hiyo tuliitwa kutoka upande wa Salaita, kabla kidogo ya Taveta. Mzee mmoja alikuwa amepotea tangu alfajiri. Alikuwa wa wale watu wa zamani wa nchi ile, Mwislamu, mfugaji wa siku nyingi, na akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Binti yake, Mwanaisha, ndiye aliyekuwa akimtunza. Alikuwa akikaanga mahamri barazani kwake, akageuka kutia ya pili kwenye karai, akageuka tena, baba hayupo. Ilikuwa kiangazi, maji hakuna, na ndovu walikuwa wanashuka hata mchana. Mzee wa umri ule bila maji hangefika jioni. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema mbele ya Mwanaisha.

Tukatoka mbio. Pikapu ikajaa wanaume wa kijiji waliokuja kutuchukua, na wanaume wale, kwa kuwa bodi ilikuwa inachoma, wakalikalia gunia la mbwa. Nilikuwa mbele na dereva. Sikuona. Haraka ina watu wake, na siku hiyo tulikuwa sisi.

Mwanaisha alitupatia shuka alilolalia baba yake. Karani akanusa, akashika njia vizuri, akapita nyuma ya nyumba, akapita kwenye mchanga, miiba, mpaka kwenye barabara ya lami iendayo Taveta. Akakanyaga lami hatua chache kuelekea Taveta. Akarudi ukingoni. Akaketi, akanitazama.

"Amekaa," mmoja wa wanaume akasema.

"Basi amepanda gari," mwingine akasema. "Mzee yuko Taveta."

Wote wakakubali, na mimi nikakubali. Nilikuwa nimeiona alama ile mara nyingi mno kuitilia shaka. Wanaume wakaruka kwenye pikapu, wakaondoka kuelekea Taveta, wakauliza stage kwa stage. Nikabaki na Mwanaisha kwa sababu ya kukosa nafasi.

Mwanaisha hakuwa akilia. Alikuwa amechuchumaa anamtazama Karani.

"Dada," akaniambia, "mbona huyu analamba miguu?"

"Amechoka."

"Hajachoka, dada. Huyu ameungua." Akanyoosha mikono yake, ina madoa ya mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko. "Mimi huungua kila siku. Aliyeungua haendi kokote kwanza. Hukaa akajipuliza."

Nikainua mguu wa Karani. Lengelenge. Nikainua mwingine. Ile bodi ya pikapu ilikuwa imeanza kazi, na lami ikaimalizia. Nikavua buti, nikakanyaga barabara, na sikufika hata kwa baba. Hapo nikaelewa. Mbwa hakuwa ametuambia kwamba mzee ameishia hapa. Alikuwa ametuambia kwamba yeye ameishia hapa. Kukaa ni kule kule, na sisi tulijua maana moja tu.

"Kwa hivyo baba hakupanda gari?" Mwanaisha akauliza.

"Sijui. Huenda alipanda, huenda alitembea juu ya lami. Wazee hupenda lami, haina mawe."

Kumwagia Karani maji yaliyokuwa kwenye chupa yangu ilikuwa kazi ya kwanza. Kumpigia simu dereva ilikuwa ya pili, na hakupatikana. Ya tatu Mwanaisha ndiye aliyeianza. Alivua leso ya mabegani, akabaki na ile ya kiunoni, akasema, "Inama, dada."

Nikainama. Akanipandishia Karani mgongoni, akamkunja miguu, akanifunga leso kifuani mafundo mawili, kama anayemfunga mtoto wa kwanza wa mdogo wake. Karani hakufurukuta. Aliweka kidevu begani mwangu, akapumua shingoni. Tukaanza kutembea kando ya barabara kuelekea Taveta. Kila tulipoona mti unaotia kivuli ukingoni, tulimshusha kwenye udongo uliopoa, anuse upande huu, tumbebe, tumshushe anuse upande wa pili. Kama mzee aliondoka kwenye lami, lazima aliondokea mahali fulani.

Wakapita vijana wa bodaboda. Mmoja akapunguza mwendo.

"Mama, huyo mtoto amefanana na nani?"

"Na abiria wako wa jana," nikamjibu.

Wakacheka, wakaenda. Baada ya kitambo mmoja wao akarudi peke yake, bila kucheka, akatupatia chupa ya maji, akauliza tunamtafuta nani. Tukamwambia. Akasema yeye amepita barabara hiyo tangu asubuhi na hajaona mzee yeyote. Mwanaisha akamshukuru.

Sijui tulimshusha Karani mara ngapi. Mwanaisha alikuwa akiongea njia nzima, si na mimi hasa. Alisema baba yake amekuwa akimwita kwa majina ya shangazi zake, na mara nyingine hamwiti kabisa, humwita wewe mama, kama mpita njia. Alisema siku hizi hasahihishi. "Nikimsahihisha ananiogopa," alisema. "Heri nisiwe mtu yeyote, mradi asiniogope."

Mahali fulani barabara inapita juu ya korongo kavu. Tulipomshusha Karani pale, hakukaa. Alisimama kwa miguu ile ile, akatia pua chini, akasoma mstari mmoja, akaanza kushuka ukingo akichechemea. Mimi nikashika kamba na nyuma yangu nikasikia Mwanaisha ameanza kukimbia.

Mzee alikuwa ndani ya kalvati, chini kabisa ya barabara, penye baridi. Pikapu yetu ilikuwa imepita juu ya kichwa chake. Alikuwa ameketi ameegemea saruji, mdomo umekauka, macho yako wazi. Hakuwa na viatu. Alitoka nyumbani pekupeku na akatembea juu ya lami jua lilipopanda, na nyayo zake zilikuwa kama za Karani, ila mbaya zaidi, kwa sababu yeye hakujua kukaa.

Karani alimfikia wa kwanza, akalala kando yake. Mzee akamtazama, akamshika mguu, akaugeuza juu.

"Huyu ameungua," akasema. "Mpeni maji."

"Wewe kwanza, baba," Mwanaisha akasema, na akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa. Mzee aliyabakisha ya mwisho. Hakuyanywa mpaka alipoona mbwa naye amepata.

Simu ikashika, pikapu ikawa njiani. Lakini haikuweza kushuka korongoni, na huko juu kivuli cha kuingojea kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mgunga mmoja mkubwa. Mimi nilikuwa na Karani tena mgongoni. Mzee akajaribu kuinuka, akakanyaga, akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Mwanaisha akavua leso ya kiunoni. Akamgeuzia baba yake mgongo, akachuchumaa, akasema, "Panda."

Mzee akampanda. Alikuwa mwepesi, ngozi na mifupa. Nikamfunga kwa leso ile, mafundo mawili, kama alivyonifunga mimi. Tukapanda ukingo polepole, wanawake wawili, kila mmoja na wake, tukatokea kwenye lami. Joto likatupiga usoni. Mzee akaona barabara ile chini yake, akakumbatia shingo ya binti yake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Mama," akamwambia, "usinishushe."

"Sikushushi," Mwanaisha akasema, akavuka.